Tetemeko la Saa Nne

Jumanne, 4 Juni

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu yako kipaza sauti kimekwama, na mara ya mwisho nilipokuuliza kuhusu chuchu ya chupa walinijibu wapangaji wako wote watatu. Mambo ya maziwa tuandikiane. Barua zitasafiri ndani ya boksi.

Boksi hili lina chupa kumi na tano. Kila moja ina lebo: saa niliyokamua na kiasi kwa mililita. Anza na ya zamani zaidi. Iyeyushe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Iliyoyeyuka isirudi kwenye friza. Na usichemshe (nimepigia mstari). Breki atapita na gari lake la vifurushi kila Jumanne na Ijumaa. Mpe chupa tupu anirudishie.

Mtoto wa miezi mitano anakunywa kama mililita mia saba na hamsini kwa siku. Nikikamua mara tano napata hizo hizo. Hakuna akiba.

Hosteli hairuhusu watoto. Nimeuliza mara tatu. Mara ya tatu msimamizi alinionyesha tu karatasi ukutani: "Watoto na wanyama hapana." Nakamulia stoo ya maabara. Nakaa juu ya kasha la mawe ya mizani ya kilo ishirini, mgongo wangu kwenye mlango, maana hauna komeo. Pampu inanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Unajua kwa nini nimekuja. Kozi ya wakaguzi wakuu inaipa ofisi yetu ya vipimo nafasi moja tu kila baada ya miaka minne. Ni wiki sita, majaribio ya vitendo kumi na nane. Ukikosa manne unarudishwa nyumbani. Mimi nataka mambo mawili: nimalize, na nikirudi mwanangu awe bado ananyonya, mimi niwe bado na cha kumpa. Maziwa hayana subira. Yasipokamuliwa yanadhani hayahitajiki.

Mkweo


Alhamisi, 6 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Breki kafika saa moja kasoro robo, barafu bado ngumu. Masharti yako nimeyabandika kwenye mlango wa friza. Nimeuza maziwa miaka thelathini na mmoja, leo nafundishwa kuyeyusha chupa. Sikasiriki. Watu wa vipimo ndivyo mlivyo. Wakati wewe bado unavaa sare ya shule, mkaguzi wenu mmoja mwenye kofia alilipima kopo langu la lita mbele ya wateja, akasema linapungua. Nilimwambia lilianguka likabonyea. Kopo hilo ninalo mpaka leo, nalipandia vitunguu.

Mume wangu mdogo hajambo. Anakula, anashiba, analala. Jana kanicheulia begani kisha akacheka, tabia ya baba yake hiyo. Chupa zako kumi na tano hizi hapa, tupu, zimeoshwa.

Nina swali, si la ubaya. Ukishakamua, maziwa yanakaa wapi kabla ya kuingia kwenye friza? Hayapiti juani? Nauliza tu.

Bibi wa mtoto


Jumanne, 11 Juni

Shikamoo Mama,

Nimefukuzwa stoo.

Mwalimu wetu wa maabara tunamwita Bwana Gramu. Ana mizani ambayo ukipiga chafya mlangoni inakuandika. Wiki nzima alikuwa analalamika. "Kuna tetemeko. Kila siku saa nne, tena saa saba. Tarakimu ya mwisho inaruka." Mmoja akasema ni malori ya barabarani. Mwingine akasema jenereta. Wakazima feni, wakafunga madirisha, tukatoka jasho, tarakimu ikaendelea kuruka. Mimi sikuwa najua, maana saa hizo nilikuwa stoo.

Ijumaa akaweka kiganja ukutani kama daktari anayesikiliza kifua. Akaufuata ukuta mpaka mlangoni kwangu.

"Nani humo?"

"Mimi."

"Unafanya nini?"

"Nakamua maziwa, Bwana."

Akauliza, "Ya nani?"

Darasa lilicheka dakika nzima. Sasa naitwa Tetemeko. Hata mpishi akinipakulia ananiita hivyo.

Basi nimehamia kibanda cha walinzi getini. Kina kiti na pazia, pazuri tu. Nakamua mara tano kama kawaida, usiwe na wasiwasi. Kuhusu swali lako: yanatoka kwangu yanaingia kwenye friza ya jikoni, jua hayalioni. Kwa nini umeuliza?

Mkweo


Jumatano, 12 Juni

Mume wangu,

Kambi yenu haina mtandao, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la saruji. Ulisema ni mtu wa kuaminika. Tutaona.

Nimemwandikia mama yako uongo.

Kibanda cha walinzi kiko dakika sita kutoka maabara. Kwenda sita, kurudi sita, kukamua ishirini. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Nimeshakosa majaribio mawili, na manne ndiyo mwisho. Kwa hiyo saa nne nimeiacha. Saa kumi nimeiacha. Nakamua mara tatu: alfajiri, mchana wakati wenzangu wanakula, na kabla ya kulala. Jumatatu ya wiki iliyopita nilipata 740. Jana 410.

Mlinzi wa zamu anageuza uso ukutani kwa heshima zote na kunisimulia mechi, dakika kwa dakika, pamoja na kona. Nakaa pale natazama chupa. Tone, tone, kimya. Kila mtu ana dawa. Mpishi anasema supu. Niliye naye chumbani anasema nipunguze mawazo. Nikamuuliza yanapunguziwa ofisi gani. Nimekunywa maji mpaka nikitembea nasikia mawimbi.

Sasa uongo wenyewe. Kamuo moja naligawa chupa mbili, naziandika saa tofauti. Kiasi naandika "kama mia". Mimi, niliyemfungia mtu duka mwaka jana kwa gramu thelathini. Neno "kama" sijawahi kuliandika kwenye karatasi yoyote ya kazi. Lakini Mama anahesabu chupa, na idadi ya chupa ni ile ile.

Usimwambie. Akijua hayatoshi atakimbilia maziwa ya kopo. Mtoto akishiba kopo atanisahau, na kifua kisipoitwa hakiji. Ninachotaka ni kufika mwisho wa wiki ya sita kikiwa bado hai.

Mkeo


Jumatatu, 17 Juni

Mkwe wangu,

Boksi la Ijumaa limefika, chupa kumi na tano, ahsante. Breki anasema unakonda. Nimemwambia aangalie barabara.

Sasa nisikilize, na kama nimekosea sema ni uzee. Chupa mbili za Alhamisi, moja umeandika saa nne, nyingine saa saba. Niliziyeyusha pamoja nikaziacha zitulie. Utando wa mafuta juu yake ni unene mmoja, rangi moja. Kamuo la asubuhi huwa jingi na jepesi. La mchana huwa kidogo na zito. Mimi nilikuwa nikiletewa ndoo tano na wafugaji watano, namwambia kila mmoja saa aliyokamua kabla hajafungua mdomo. Chupa zako hizi ni mapacha.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sisemi zaidi. Ila "kama mia" ni kipimo cha ofisi gani?

Mume wangu kapimwa kliniki: kilo saba na gramu mia mbili. Muuguzi kasema endeleeni hivyo hivyo. Nikamwambia tutaendelea. Wewe usiache kukamua. Hata yakija ya kulowesha kitambaa tu, usiache. Hilo ndilo ninalokuomba.

Bibi wa mtoto


Jumatano, 19 Juni

Mke wangu,

Barua yako ilifika na alama ya saruji, lakini ilifika. Tuko nguzo ya tatu ya daraja. Nachomelea tangu alfajiri, macho mekundu kama ya mlevi, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Siri yako sijamwambia Mama. Nilikwenda Jumapili, nimefunga mdomo kama ulivyoniomba. Na hiyo 410 isikukoseshe usingizi. Mwanao ana mashavu kama mpiga tarumbeta. Nilimpelekea Mama makopo mengine mawili ya maziwa ya unga aliyoniagiza. Lile la kwanza lilikwisha kwa siku tano tu, huyo anakula kweli kweli. Nimefurahi mmeafikiana. Nilidhani ungekuwa mkali, na wewe ukiwa mkali mimi huwa sina pa kukaa.

Halafu friza ile imejaa! Nilitafuta barafu nikakuta vioo vya jemu juu mpaka chini, vyote maziwa yako. Mama amejipanga kama ghala.

Vumilia, zimebaki wiki tatu na ushei.

Mumeo


Ijumaa, 21 Juni

Shikamoo Mama,

Boksi hili lina chupa tisa.

Nimepata habari kwamba zilizotangulia ziko kwenye vioo vya jemu, na kwamba mwanangu anakunywa kopo. Nimepata habari hiyo kutoka kwa mtu aliyedhani naijua.

Naamka saa kumi na moja kabla ya hosteli nzima. Nimekosa majaribio mawili. Nimefunga kitambaa mabegani mbele ya walinzi sita tofauti. Kila ulipoleta chupa tupu nilizitazama nikajisemea, basi, amekunywa. Zile chupa ndizo zilizonifanya niamke kesho yake.

Naomba jibu la mstari mmoja. Tangu lini?

Mkweo


Jumatatu, 24 Juni

Mkwe wangu,

Tangu siku ya kwanza. Huo ndio mstari wako. Mingine ni yangu, na utaisoma.

Nilipoyeyusha chupa ya kwanza nilionja. Usikunje uso, mtu aliyeuza maziwa hajiamulii, ulimi unakwenda wenyewe. Yalikuwa na ladha ya sabuni. Nikadhani sikuisuuza chupa vizuri. Nikafungua ya pili: sabuni. Nikampa hivyo hivyo. Mume wangu akatia mdomoni, akatema, akanitazama kama mteja aliyeibiwa. Nilijaribu kwa kijiko, nilijaribu kwa kikombe, nilijaribu kumuimbia. Alilia mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho akaja kuuliza kama nahitaji msaada au polisi. Nikaagiza kopo.

Sasa niambie, ningekuandikia nini? Kwamba kazi yako yote inafika sabuni? Ungeacha siku hiyo hiyo. Nilidhani labda huko yanachelewa kuingia kwenye friza, nikakuuliza kwa adabu, ukanijibu kwa adabu. Nikaona bora wewe uendelee kukamua, kifua kisikauke, mengine tutayajua ukirudi. Nikayahamishia kwenye vioo kabla barafu haijaisha, ili chupa zako zirudi tupu. Sikumwaga hata tone. Vipo vioo thelathini na vinne.

Barua yako iliponifika nilichukua kioo kimoja nikaenda nacho kliniki. Muuguzi akanusa, akacheka. Kasema hayajaharibika. Wako wanawake ambao maziwa yao yana kitu kinachovunja mafuta yakikaa kwenye baridi, na ladha ndiyo hiyo. Hayamdhuru mtoto, ila wengine wanayakataa. Dawa yake ni kuyapasha kabla ya kugandisha: vipovu vidogo vikianza pembeni mwa sufuria, epua, yasitokote. Poza upesi kwenye maji baridi. Ndipo uyaweke kwenye friza.

Nilikaa kwenye benchi ya kliniki nikajishika kichwa. Hivyo ndivyo nilivyoyafanya maziwa ya jioni miaka thelathini na mmoja ili yaamke salama! Ya ng'ombe yana sababu nyingine, lakini mkono ni ule ule. Siku ya kwanza, nilipoonja ile sabuni, mkono ulinituma nikuandikie: mwambie ayapashe. Nikatazama mlango wa friza. "Usichemshe," na mstari chini. Nikasema, msomi kasema, mimi nani.

Jingine. Nilikuandikia kwamba kopo langu lilianguka. Halikuanguka. Mwaka ule ng'ombe wa wafugaji walikauka, na wateja walikuwa wale wale. Sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba hayatoshi. Basi nikalibonya kopo kwa mpini wa nyundo, kila mtu akapata lita yake. Yule mwenye kofia aliponishika, mama mmoja aliyekuwa mstarini akaniuliza, "Si ungesema tu? Ningechukua nusu." Mpaka leo namsikia.

Kwa hiyo "kama mia" yako naifahamu vizuri. Unakamua mara ngapi? Andika namba.

Bibi wa mtoto


Ijumaa, 28 Juni

Shikamoo Mama,

Mara tatu. Wiki hii: Jumatatu 300. Jumanne 270. Jumatano 290. Jana 360.

Nilikasirika siku nne. Siku mbili nilikukasirikia wewe, siku mbili mstari wangu chini ya neno "usichemshe". Niliutoa kwenye karatasi iliyokuja na pampu. Kanuni yenyewe si mbaya. Ila sikuweka nafasi ya mtu kuniuliza, na mkaguzi anayeandika agizo bila nafasi ya maswali tunamwandikia onyo ofisini kwetu.

Sasa yaliyotokea kwa mpangilio.

Jumanne 270 iliponitisha niliifungua pampu yote mezani, kama ninavyofungua mizani ya duka. Kile kipira cheupe kidogo kwenye shingo ya chupa kilikuwa na mpasuko, mfupi kama ncha ya ukucha. Pampu ilikuwa inavuta hewa. Sijui tangu lini. Nakagua vifaa vya watu kila siku ya Mungu, changu sikukikagua hata mara moja. Cha akiba kilikuwa ndani ya mkoba wangu tangu siku ya kwanza, kwenye pakiti yake.

Jumatano nilimfuata Bwana Gramu. Mawe ya mizani yakitoka kabatini yanapaswa kukaa mezani mpaka yawe na joto moja na chumba. Ukiyapima kabla, yanakudanganya. Sisi tulikuwa tunayapa dakika ishirini kisha tunaanza.

Nikamwambia, "Tukitoa mawe saa tatu na nusu, saa nne yatakuwa bado yanatulia. Hakuna anayepima. Nirudishe stoo dakika ishirini."

"Unataka darasa zima lifuate kifua chako?"

"Nataka lifuate kitabu chako, Bwana. Ukurasa wa arobaini na moja. Umeandika saa nzima."

Akachukua kitabu. Akasoma. Akageuza ukurasa wa pili, labda alitumaini umebadilisha maoni. Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Tetemeko limepiga." Bwana Gramu hakucheka. Alifungua daftari la chumba akaandika: "Saa 4:00 hadi 4:20, tetemeko linalojulikana. Chanzo: mwanafunzi." Na saa kumi je? Nikamuuliza. Akasema saa kumi nisimjaribu.

Kwa hiyo ni mara nne. Jana ndiyo hiyo 360. Sijui kama itapanda zaidi. Kifua kimeambiwa wiki mbili kwamba hakina kazi, sasa kinaambiwa rudi. Nacho ni kama kibarua mwingine yeyote, kinataka kwanza kuona kama unamaanisha.

Mpishi amenipa sufuria ndogo. Nasimama kwenye jiko lake natazama pembeni mwa sufuria nikisubiri vipovu, yeye ananiuliza ni supu gani hiyo isiyo na chumvi. Boksi hili lina chupa mbili zilizopashwa. Mbili tu. Lebo ni za kweli.

Akikataa, niandikie amekataa.

Mkweo


Jumatatu, 1 Julai

Mwanangu,

Ijumaa jioni niliyeyusha ya kwanza, uliyoandika 85. Nilionja. Maziwa. Nikakaa naye dirishani. Akatia mdomoni, akasita, nikamwona anautafuta ule uso wa kutema. Halafu akavuta. Alikunywa kama 

Nimelikata hilo neno. Alikunywa 50. Zilizobaki alizigomea, akageuza kichwa, akataka kopo. Jumamosi asubuhi chupa ya pili, ya 90, aliimaliza yote, lakini alikuwa na njaa na mimi nilikuwa nimechelewesha makusudi. Nakuambia ilivyo, usije ukasema nimebonya kopo.

Hesabu ya mtoto kwa siku nzima ni hii: yako kidogo, ya kopo mengi. Hayatoshi, mwanangu. Hata ukifikisha 500 hayatoshi. Haidhuru. Kopo litajaza, na yako yatakuwa yako. Vile vioo thelathini na vinne havitupwi. Akianza uji mwezi huu nitaupikia kwa hayo, humo sabuni haitasikika.

Breki amekataa kubeba barua hii mpaka nimwambie kama mtoto amekunywa. Nimemwambia. Kapiga honi mtaa mzima.

Mama yako


Jumanne, 16 Julai

Mume wangu,

Nimerudi Jumamosi. Hii ni taarifa, nyingine utaona kwa macho ukija.

Kozi nimefaulu. Nilikosa majaribio matatu. Moja zaidi ningerudishwa. Bwana Gramu alinipa cheti na kusema kwamba tarakimu za darasa letu ndizo zilizotulia kuliko za darasa lolote lililotangulia, na kwamba hataki kusikia sababu.

Maziwa yalifika 470, yakakwama hapo. Siku mbili za mwisho 450 na 460.

Mwanao alinitambua, alicheka, akanivuta hereni. Lakini nilipomweka kifuani alikataa. Jumamosi alikataa mara nne. Alikuwa anashika, anavuta mara tatu, anaona hayaji kwa kasi ya chupa, anapiga kelele kama mtu aliyekatiwa umeme. Jumapili alikataa mara tatu. Nilikwenda kukamulia chumbani, mlango umefungwa, na nitakuambia tu kwamba sikuwa na hali ya kuzungumza na mtu. Mama alikaa nje ya mlango akichambua mchele. Hakusema vumilia. Alisema, "Mkamulie kwanza kidogo mpaka yaanze kutoka, ndipo umpe. Ndama mvivu tulikuwa tunamfanyia hivyo." Nikamwambia mwanangu si ndama. Akasema, "Ndama alikuwa na adabu zaidi."

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nilifanya hivyo. Alikuwa nusu usingizini. Alishika, akavuta, akaendelea. Dakika saba upande wa kushoto. Kulia alikataa. Leo asubuhi kushoto dakika tisa, kulia mbili. Jioni alikataa kabisa. Ndivyo ilivyo. Kopo bado lipo mezani na halijifichi.

Sasa kopo jingine. Jana asubuhi kabla sijaenda kazini, Mama alilitoa lile la lita, amemwaga udongo na kung'oa vitunguu, kalisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Akaliweka mbele yangu.

"Wewe si mkuu sasa? Una muhuri. Ligonge."

Nililijaza kwa kipimo changu cha kioo, taratibu, mpaka ukingoni.

"Linapungua mililita thelathini na nane, Mama."

"Thelathini na nane tu? Yule mwenye kofia alisema hamsini!"

"Alikosea."

"Miaka yote hiyo nimebeba kumi na mbili zisizo zangu." Alikuwa anacheka mpaka akashika meza. "Basi ligonge."

"Siwezi. Linapungua."

"Mkwe gani huyu," akasema, akalibeba akaliweka jikoni. Ndilo tunalopashia maziwa sasa. Kwa kazi hiyo linatosha.

Ofisini wamenipa chumba cha mafaili. Komeo lipo. Mizani iko ghorofa ya chini, nimehakikisha. Mkuu wangu amepita mara mbili kuuliza kama nitachukua muda mrefu, na nimemjibu mara mbili kwamba nitachukua dakika ishirini, kila siku, saa nne na saa nane, na kwamba anaweza kuliandika kwenye daftari kama tetemeko linalojulikana. Hakuelewa. Ataelewa.

Chupa ya kwanza niliiweka juu ya kabati la mafaili, nikainama mpaka macho yakawa sawa na mstari. Nilisoma mara mbili. Nikaandika lebo: saa nne, 70.

Mkeo, Tetemeko